Nyuzi Kumi na Tisa za Chumba cha Mama

Kaka yangu alitaka tununue kisanduku. Alikuwa ameona kwenye simu nyumba moja ya nchi za mbali ambayo kila chumba kina kipimajoto kidogo ukutani, vyote vinatuma habari kwenye kisanduku kimoja cha sebuleni, na kisanduku kinampelekea mwenye nyumba popote alipo. Yeye yuko Dar es Salaam. Mimi nilikuwa Sumbawanga, mtaa wa Milanzi, na mama yetu alikuwa chumbani kwake akikohoa. Alinieleza habari za kisanduku hicho kwa furaha ya mtu aliyepata namna ya kuuguza bila kupanda basi.

Nilimuuliza umeme ukikatika kisanduku kinafanya nini. Kinazimika, akasema. Ukirudi kinawaka chenyewe? Mara nyingi. Na siku ambayo hakiwaki, nani atakiwasha? Akacheka.

"Si wewe upo?"

Hapo ndipo nilipoamua kwamba nyumba ile haitakuwa na kisanduku cha katikati. Nilikuwa nimeshaifanya kazi hiyo ya kisanduku mwenyewe mwaka mzima.

Nilikuja kwa wiki mbili. Nilikuwa na shahada yangu ya takwimu, nimepanga chumba na mwenzangu kwenye mji niliosomea, natuma maombi ya kazi, mama akalazwa kwa nimonia katikati ya msimu wa baridi. Kaka alikuwa na kazi na watoto. Mimi sikuwa na chochote ambacho mtu angeweza kukiona, kwa hiyo nilipanda basi. Daktari alituruhusu kwa masharti: chumba kisiwe na baridi, jiko la mkaa lisiingie ndani, na moshi wa kuni ausahau. Kaka akatuma hita ya umeme. Mimi nikaenda uani, nikaweka komeo kwenye mlango wa jiko la kuni, nikafunga kwa kufuli, ufunguo ukawa unakaa mfukoni mwangu. Tangu hapo nikawa napika kwenye gesi, na mama akawa anakaa sebuleni mbele ya televisheni asiyoipenda, shali mbili mabegani, akitazama dirisha.

Wiki mbili zikaisha, kisha msimu. Nilijifunza kutofautisha kikohozi cha vumbi na kikohozi cha baridi. Nilikuwa na daftari; kila alipokohoa niliandika. Alipoinuka nilimuuliza anakwenda wapi. Kulikuwa na siku nilisimama getini, nikatazama barabara inayokwenda stendi, nikahesabu hatua ambazo ningeweza kwenda kabla hajaniita. Sikuwahi kufika mbali, na si mara zote alikuwa ameniita kweli.

Mwezi wa tano nilipata barua ya kazi kutoka Dodoma. Mkataba wa miaka miwili, kuanza mwanzoni mwa mwezi wa nane. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa uani, nikairudia, nikatafuta kosa ndani yake. Halikuwepo. Nilipompigia kaka alinipongeza vizuri, kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja: utamwacha na nani? Tulibishana siku nne. Jirani yetu wa kushoto, mama mmoja mjane aliyemaliza kulea wajukuu, alikubali kupita mchana na jioni. Usiku ndio ulikuwa shida, kwa sababu mwezi wa sita na wa saba baridi ya kwetu Ufipa hairidhiki na blanketi moja, na mama alikuwa na tabia ya kuzima hita mtu akigeuka. Tukakubaliana hivi: tutaweka kipimajoto. Mimi nitaondoka nyumbani siku kumi kwa majaribio. Chumba kisiposhuka chini ya nyuzi kumi na sita usiku wowote, ninakwenda Dodoma. Kikishuka, ninaiandikia Dodoma barua ya kushukuru.

Kwa hiyo nilichagua kipimajoto kama mfungwa anavyochagua wakili.

Ukiondoa maneno ya wauzaji, visivyohitaji kisanduku nilivyoviona vilikuwa vya namna mbili. Vya kwanza huongea na simu moja kwa moja kwa blututhi. Ni rahisi, betri yake ni ndogo kama kifungo cha koti na hukaa mwaka, lakini ukitoka getini vinabaki na siri yao. Muuzaji aliandika kwamba vinafika mita mia. Nilijiuliza mita hizo zilipimwa wapi. Uwanja wa mpira? Nani anamlaza mama yake uwanja wa mpira? Nilinunua kimoja cha kujaribia, nikakiacha chumbani nikatoka na simu. Kuta zetu za tofali za kuchoma zilinikatia mawasiliano kabla sijafika kwenye bomba la uani.

Vya pili huingia kwenye ruta ya waifai kama simu inavyoingia, na kutoka hapo habari zinasomeka popote. Vina njaa ya betri, kwa hiyo vilivyotengenezwa kwa akili hupima kila dakika kumi, hulala katikati, na mawasiliano yakikatika huweka vipimo tumboni mpaka njia irudi, kisha huvitapika vyote kwa pamoja. Hiyo ndiyo sifa iliyonishawishi. Kaka aliuliza kama ruta si kisanduku pia. Lilikuwa swali zuri na lilinikera. Nilichomoa ruta ukutani mara kumi na moja kwa siku mbili, na mara zote kumi na moja iliamka yenyewe na kuvikumbuka vipimajoto. Nikamwandikia hivyo.

Nilivileta viwili vya waifai, kimoja cha chumbani na kimoja cha sebuleni. Nilipoviweka pamoja juu ya meza vilitofautiana kwa nyuzi moja na nusu. Nikajiuliza niamini kipi. Nikaenda navyo mjini kwa fundi wa majokofu, nikamwomba anipimie kwa kifaa chake. Vikalala pamoja kwenye jokofu la mteja, na fundi akaniuliza kama nafungua duka la nyama. Cha chumbani kilikuwa sahihi. Cha sebuleni ndicho kilichokuwa kinaongopa, nikaandika kosa lake nyuma kwa kalamu ya wino mzito.

Mama alikiangalia kile cha chumbani nilipokuwa nakitundika kwenye msumari juu ya kichwa cha kitanda.

"Hiki ndicho kitanipikia uji?"

Nikamweleza kwamba kinapima joto, na kaka ataliona akiwa Dar es Salaam.

"Ataliona. Na baridi yenyewe ataisikia?"

Nilimwonyesha namna ya kuwasha hita saa mbili usiku na kutoizima mpaka asubuhi. Nilimweleza masharti yote, siku kumi, nyuzi kumi na sita, Dodoma. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Akauliza kitu kimoja tu: kama kipimajoto kinajua kipo chumba gani. Nilisema hapana, kinajua joto tu. Nilidhani ni swali la mtu asiyeelewa.

Nikaenda Chala, kwa mama mdogo, ambaye ananunua maharage kwa wakulima na kuyauza kwa wenye malori. Alinipokea kwa ungo na gunia. Alisema wasomi hawali bure kwake, nikakaa barazani nikapepeta.

Asubuhi ya kwanza simu ilionyesha kwamba joto la chini kabisa usiku ule chumbani kwa mama lilikuwa nyuzi kumi na tisa. Kaka akatuma ujumbe wa sauti, anacheka, anasema unaona, mama anaweza. Asubuhi ya pili, kumi na tisa. Ya tatu, kumi na tisa kasoro kidogo. Kaka akaanza kuniuliza kuhusu nyumba za kupanga Dodoma.

Hapa nataka kusema ukweli, kwa sababu watu wanaonifahamu wanajua kwamba siachi jambo mpaka nilichokonoe. Chuoni walinipa jina la utani kwa ajili ya hilo. Niliuona mchoro wa usiku ule tangu asubuhi ya kwanza. Nilijua haukuwa mchoro wa chumba. Vipimo vilikuwa vinakoma kufika saa mbili usiku, kimya kabisa, kisha saa kumi na mbili na dakika kadhaa asubuhi vinamwagika vyote. Nilijiambia umeme ulikatika. Lakini kipimajoto cha sebuleni, kile kinachoongopa, kilikuwa kimetuma kila dakika kumi usiku kucha kwa ruta ileile. Nililiona hilo pia, nikaweka simu kifudifudi nikaendelea kupepeta. Kwa siku tatu nilikuwa mtu asiyeuliza, na zilikuwa siku nzuri. Nilipepeta maharage kama mtu wa Dodoma aliyekuja kusalimia.

Asubuhi ya nne nilimpigia jirani, nikamsalimia, nikamuuliza juu juu kama umeme unasumbua. Akasema wala, tangu niondoke haujakatika hata mara moja, jana ameangalia tamthilia yake mpaka mwisho. Nikafungua mchoro na kuutazama kama nilivyofundishwa. Ulianza saa mbili usiku ukiwa nyuzi thelathini na nane. Kisha ukashuka taratibu, bila kutetereka, mteremko laini mpaka kumi na tisa alfajiri. Hakuna chumba Ufipa, mwezi wa saba, chenye nyuzi thelathini na nane. Kaka alikuwa anasoma namba moja tu, ile ya chini.

Mama mdogo alikuwa pembeni anashona mdomo wa gunia. Nilimuuliza, bila kumtaja mtu, ni kitu gani kinaanza kikiwa cha moto sana, kisha kinapoa polepole usiku mzima kana kwamba hakuna upepo.

"Hotipoti," alisema, hata hakuinua kichwa.

Nilimwonyesha simu. Alifuata mstari kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, kama anayefuata mtaro shambani. Kisha akaacha sindano. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema dada yake ni yuleyule, tangu wakiwa wadogo.

Nilipanda gari la asubuhi ileile bila kutoa taarifa. Njia nzima nilikuwa na hasira, na nilipojaribu kujua ni hasira ya nini nilipata majibu mawili, moja la heshima na moja la aibu. La heshima lilikuwa mapafu ya mama. La aibu lilikuwa kwamba alikuwa amelifanya jambo hilo vibaya kiasi cha mimi kuligundua.

Nilisikia kicheko chake kabla sijafika getini. Sikuwa nimekisikia muda mrefu, ilinichukua hatua kadhaa kujua ni cha nani. Mlango wa jiko la kuni ulikuwa wazi na moshi ulikuwa unatoka chini ya paa. Kufuli langu lilikuwa limefungwa vizuri kabisa kwenye komeo, na komeo lenyewe lilikuwa limelala juu ya tofali na skrubu zake nne zimepangwa pembeni. Mama alizifungua kwa kisu cha mboga. Ndani walikuwa wamekaa wanawake wanne wa mtaani kwetu kwenye vigoda, jirani wa kushoto akiwa mmoja wao, na mama katikati yao akikoroga maharage, shali moja tu begani. Walikuwa wanaongea Kifipa kwa kasi ambayo mimi siiwezi. Nilisema shikamooni. Wakaitikia, wakahamia Kiswahili, wakaanza kuulizia Chala. Baada ya muda mfupi kila mmoja alikumbuka kazi yake nyumbani.

Nilikwenda chumbani. Kipimajoto kilikuwa kwenye msumari wake, kimefutwa vumbi. Chini ya kitanda ilikuwepo hotipoti kubwa ya maua, ile iliyoletwa siku ya harusi ya kaka, ambayo haijawahi kuwekewa chakula kwa sababu ni ya wageni. Ndani yake kulikuwa na taulo, na ndani ya taulo chupa ya maji yaliyopoa. Bati lake la ndani ndilo lililokuwa linazuia mawasiliano usiku kucha. Nikarudi nayo jikoni nimeipakata.

"Mama, kile kipimajoto kilikuwa kinalala wapi?"

"Kilikuwa kinalala pazuri kuliko mimi."

Nilimuuliza yeye alikuwa analala wapi. Akaonyesha mkeka nyuma ya mlango, karibu na mafiga. Nikaanza kumkumbusha daktari, moshi, mapafu, na wakati nasema nilijisikia mwenyewe nilivyokuwa nazungumza, kama mtu anayesoma tangazo. Aliniacha nimalize. Akapunguza kuni.

"Wewe si unataka kwenda?"

"Nataka kwenda."

"Basi nenda. Namba si imekubali?"

"Hiyo ni namba ya hotipoti, mama."

"Kaka yako ameuliza ni ya nini?"

Nilikaa kwenye kigoda kilichokuwa bado na joto la aliyetoka. Nilimwambia kwamba sitaki aniondoe kwa uongo, kwamba kama anaona nimefungwa hapa tutafute njia nyingine. Hapo aliweka mwiko chini na kunitazama kwa mshangao, kana kwamba nimejisifu.

"Kwani nimekufanyia wewe?" alisema. "Hilo hita linanikausha koo. Na watu hawaji kukaa kwenye hita. Tangu ufunge jiko, nani ameingia hapa? Nikiinuka unaniuliza naenda wapi. Nikikohoa unaandika. Mwaka mzima, mama. Unadhani ni wewe tu unayehesabu siku za kuondoka kwako?"

Alisema bila ukali, na akaniita "mama" kama alivyokuwa akiniita nikiwa mtoto, kwa hiyo nilichelewa kuelewa. Nilikuwa nimemhesabu kama ukuta wangu. Sikuwahi kuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu, kama mimi nami ni ukuta wake, anaougonga kwa upande wa pili.

Simu ikaita. Alikuwa kaka, wakati wake wa chakula cha mchana. Hakujua kama nimerudi. Alidhani bado nipo Chala. Alisema siku nne zinatosha kwake, kumi ni nyingi, anataka kumwambia mkewe jambo hili limekwisha. Ila kwa kuwa mimi ndiye msomi wa namba, alitaka anisikie nikisema mwenyewe.

"Kinashikilia kumi na tisa kweli?"

Mama alikuwa ameshika mwiko tena lakini hakuwa anakoroga. Moshi uliniingia machoni. Ningeweza kusema hapana, na kila kitu kingerudi kilivyokuwa: komeo, kufuli, daftari, yeye dirishani na mimi getini.

"Kinashikilia," nilisema.

Mama akaendelea kukoroga.

Siku zilizobaki nilifanya nilichoweza. Nilimleta fundi akatoa mistari miwili ya tofali juu ya ukuta wa jiko, pande zote mbili, ili moshi upate pa kwenda. Mama alisimama uani akilalamika kwamba sasa nampa baridi kwa mikono yangu. Aliahidi kulala kitandani moto ukishafifia, na sikumuuliza kama ni kweli. Nilimwomba ile chupa ya maji ya moto aiweke miguuni kwake badala ya kumpa kipimajoto. Alifikiri kidogo.

"Basi nitachemsha chupa mbili."

Nipo Dodoma sasa, kwenye chumba chenye dirisha la kuelekea ukuta wa jirani. Kazi ni nzuri. Ninachambua namba za watu wengine na kukataa zinazonitia shaka. Bosi wangu anasema sina huruma. Lakini siwezi kuanza siku kabla ya saa kumi na mbili na dakika kumi, au kumi na tano, wakati mama anapofunua hotipoti na vipimo vya usiku vinapomwagika kwenye simu yangu. Sivisomi. Ninangoja vifike tu, kwa kuwa vikifika maana yake ameamka, ameinama, amefungua mfuniko. Kabla ya hapo sipigi mswaki.

Alhamisi moja havikufika. Saa moja havikufika. Nilimpigia mama, simu iliita bure. Jirani wa kushoto, simu iliita bure. Nilianza kupanga begi, nikaacha, nikafikiria kumpigia kaka, na nikaona kwamba kumpigia kungenilazimu kumweleza kwa nini ukimya wa kipimajoto unanitisha wakati namba yake ni nzuri kila siku. Nilikaa kitandani na simu mkononi, kiatu kimoja mguuni. Mabasi ya Sumbawanga yalikuwa yameshaondoka.

Saa moja na dakika arobaini vikamwagika.

Baada ya dakika chache mama akapiga. Alisema walikuwa jikoni, wamekuja mapema, alisahau kukitoa. Akaniuliza nimeshakula nini. Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka, na yeye akikohoa mara mbili, nikajikuta natafuta kalamu.

Nilipokata simu, ujumbe wa kaka ulikuwa umeingia. Kumi na tisa tena, aliandika, umeona?

Nikamjibu kwamba nimeona.